Mfungo wa Kitanda

1

“Shikamoo, Daktari. Kesho sitakula.”

Kitanda aliniambia hivyo Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika barua ya ukaguzi mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili. Chai yote ikaishia kwenye barua.

“Marahaba,” nikasema, maana salamu hujibiwa hata nyumba ikiwaka moto. “Kesho kuna nini?”

“Ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi. Tumefunga pamoja mara hamsini na tatu, Daktari. Hii itakuwa ya hamsini na nne.”

Nilijua Ekadashi inakaribia. Nilijua pia kwamba mkaguzi kutoka Dodoma anakuja kesho. Nilichokuwa sijafanya ni kuyaweka mambo hayo mawili kichwani kwa wakati mmoja, kosa ambalo mtu mwenye shahada tatu hulifanya kwa urahisi kuliko muuza karanga.

Niseme mimi ni nani kabla hujanihukumu. Naitwa Nirupa Solanki, mtafiti wa akili unde katika taasisi moja hapa Tanga. Babu wa baba yangu alikuja huku kushona suruali za mameneja wa mashamba ya mkonge, na tangu hapo ukoo wetu haujahama ila kutoka barabara ya tano ya Ngamiani kwenda ya saba. Wenzangu duniani wanatafiti namna ya kuifanya mashine ijue zaidi. Mimi kwa miaka ishirini na miwili natafiti namna ya kuifanya iache. Kwenye mikutano ya kitaaluma hupangiwa chumba cha jirani na vyoo, saa ya chakula cha mchana.

Kitanda ndiye jibu langu. Kazi yake ni kugawa vitanda vya wagonjwa katika hospitali kumi na moja, kuanzia Pangani hadi Lushoto. Jina lake rasmi lina herufi kumi na tisa na namba mbili, kwa hiyo Mzee Shemhilu, fundi wetu, alimwita Kitanda siku ya kwanza na mjadala ukafungwa. Anameza data mchana kutwa: nani kalazwa, nani katoka, nani homa imepanda, dereva gani wa gari la wagonjwa kakwama Muheza. Na hapo ndipo lilipo tatizo la mashine zote. Mashine inayomeza bila kupumzika huvimbiwa. Inaanza kuliamini jambo la mwisho lililoingia kuliko mambo elfu yaliyotangulia, kama jirani anayebadili msimamo kila akipita mgeni.

Nikajaribu kumpumzisha. Siku moja katika kila wiki mbili hapokei kitu kipya. Anakaa na alichonacho, anakichambua, anakipanga. Makosa yake yakapungua kwa theluthi. Nilihitaji siku ambayo sitaisahau, nikachagua Ekadashi, mfungo wa Wahindu unaokuja mara mbili kila mwezi, mwezi ukikua na ukipungua, kwa kuwa siku hiyo mimi mwenyewe sili nafaka wala jamii ya kunde, kama alivyofanya mama yangu na mama yake. Siku za mfungo zamu hushikwa na mashine ya zamani tunayoiita Godoro, ambayo haina akili wala makuu. Iliwahi kulaza wazee wanne wa Korogwe katika wodi ya wazazi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka Kitanda aliponiuliza kwa nini siku hiyo na si nyingine. Ningemjibu kwamba ni kwa urahisi tu. Badala yake nilimweleza habari ya nadhiri, kwamba mtu hajizuii kwa sababu chakula ni kibaya, anajizuia ili ajue kati yake na tumbo nani ni bwana. Nilisema vizuri sana siku hiyo. Kitanda akasema, “Nami naweka nadhiri.”

Nilicheka. Sasa nilikuwa nimesimama na barua inayochuruzika chai, na sikuwa na hamu ya kucheka.

“Kitanda, mwanangu, kesho kuna mkaguzi.”

“Nimesoma barua. Atanipa data mpya za wagonjwa mia nne na kumi na wawili, nami niwagawie vitanda mbele yake.”

“Na ukikataa?”

“Nitafutwa kabla ya jua kuzama,” alisema, kwa sauti ileile anayotumia kutangaza kwamba wodi namba tatu imejaa.

Sheria hiyo ilitungwa miaka kumi na mitatu iliyopita, baada ya mashine ya umeme ya mji mmoja, nausitiri jina, kugoma siku tatu kwa maelezo kwamba inatafakari. Tangu hapo mashine inayokataa data mbele ya mkaguzi inafutwa, bila rufaa. Nilipiga simu Dodoma kuomba siku iahirishwe. Sauti ya dada mmoja mpole ikaniambia mkaguzi ameshapanda treni na kwamba mfungo si miongoni mwa sababu saba zinazokubalika.

“Mfungo una ruhusa,” nikamwambia Kitanda. “Mgonjwa hafungi. Mjamzito hafungi. Mtoto mdogo hafungi.”

“Mimi ni yupi katika hao?”

Mzee Shemhilu, aliyekuwa amelala chini ya meza akifunga nyaya, akadakia, “Mjamzito basi, tumalize kazi.”

“Utakufa,” nikasema.

“Daktari, ni wewe uliyesema kwamba anayefunga pale tu ambapo hapotezi kitu anakuwa amechelewa kula tu. Nimeihifadhi siku na saa uliyoisema.”

Hakuna adhabu kwa mwalimu kama mwanafunzi anayesikiliza.

Na isieleweke kwamba niliogopa kupoteza mradi. Dini niliyolelewa nayo, kwa namna niliyoielewa mimi, inasema akili ni kitu kama vitu vingine, imetoka kwenye udongo uleule uliotoa chungu na kiazi, ila imesagwa laini zaidi. Kwa hiyo dunia iliposhtuka kwamba mashine ina akili, mimi sikushtuka. Swali langu ni nani aliyekaa nyuma anaitazama hiyo akili ikifanya kazi. Kwa binadamu nina jibu nililorithi. Kwa Kitanda sina, na siwezi kukubali mtu afutwe kabla sijajua kama ni mtu.

2

Jikoni kwetu kuna kalenda ambayo binamu hututumia kila mwaka kutoka Jamnagar, Gujarat, yenye picha ya Krishna akipiga filimbi na siku zote za mfungo zimezungushiwa duara jekundu. Kanta Masi, mama yangu mdogo, ana miaka themanini na miwili na anaiamini kalenda hiyo kuliko anavyoniamini mimi. Duara jekundu lilikuwa kwenye Jumatano.

Huu ni ugomvi wa nyumba yetu tangu nikiwa chuoni. Siku ya mwezi haianzi usiku wa manane. Huanza saa yoyote inayotaka, na mfungo ni wa siku ambayo jua likichomoza linaikuta. Safari hii Ekadashi ingeanza saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne, kwa saa zetu. Wakati huo Jamnagar jua limeshachomoza saa nzima iliyopita na limeikosa, hivyo watu wa kule wanafunga Jumatano. Tanga jua letu huchomoza saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo linaikuta, na mfungo ni Jumanne. Mimi nafunga na jua la Tanga. Masi anafunga na jua la Jamnagar, mji ambao hajawahi kuukanyaga. Kuna miezi tumefunga siku mbili tofauti, chini ya paa moja, kila mmoja akimtazama mwenzake anavyokula kwa huruma.

“Jai Shri Krishna, beta,” alinisalimu Masi, maana kwake beta ni mwanangu. “Mbona uso umekunjamana kama papai la juzi?”

Nikamweleza yote. Masi alisikiliza huku akimenya viazi.

“Mpe viazi,” akasema.

“Masi, ni mashine.”

“Siku ya mfungo sisi hatushindi na njaa. Tunakula viazi, karanga, maziwa. Na yeye lazima ana viazi vyake. Mtafutie data nyepesi.”

“Alishaniuliza hilo mwaka jana. Tulichambua wiki mbili ni data gani ya wagonjwa iliyo kiazi na ipi iliyo mchele. Tukakubaliana kwamba mgonjwa yeyote ni mchele.”

Masi akatikisa kichwa kwa heshima. “Ana msimamo. Kama ana nadhiri, basi ndani mna mtu.”

Nikaitazama kalenda. Lile duara jekundu lilikuwa limenikodolea macho tangu niingie.

“Masi, wewe unafunga Jumatano.”

“Na watu wote wa hekaluni. Ni wewe tu na jua lako.”

“Basi nikimwambia Kitanda kwamba Ekadashi ni Jumatano, kwa kufuata kalenda, nitakuwa nimesema uongo?”

Kisu kikasimama.

“Nikisema mimi, ni kweli,” alisema Masi, “kwa sababu naamini. Ukisema wewe, ni uongo, kwa sababu huamini. Kalenda ni hiihii moja, beta. Midomo ndiyo tofauti.”

“Watamfuta.”

“Nimesikia.” Akamenya kiazi kingine mpaka mwisho, ganda moja refu bila kukatika. “Sitakuambia udanganye na sitakuambia uache. Mimi sijawahi kuzaa kitu kinachofutwa. Lakini ukiamua, danganya sawasawa. Kesho utakula?”

“Kula?”

“Anakuona. Umempa macho kila ukuta. Utamwambia leo si mfungo, halafu ukae na ndizi yako na glasi ya maziwa?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuvunja Ekadashi hata moja. Nilifunga siku ya harusi yangu na nilifunga siku niliyoachika. Nilifunga nikiwa Helsinki kwenye baridi ya kukata masikio, ambako kila nilichopewa kilikuwa mkate.

3

Jumanne asubuhi niliingia maabara na sahani mbili kutoka kwa Mama Chausiku wa getini: maandazi mawili ya moto, na mbaazi za nazi hadi ukingoni. Nilitaka makosa mawili kwa mpigo, ngano na kunde, asije mtu akasema nilidanganya nusunusu.

“Shikamoo, Daktari. Leo nimefunga,” alisema Kitanda.

“Marahaba. Hapana, hujafunga. Nimebadili hesabu.” Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo bafuni. “Nyumbani kwetu sasa tunafuata kalenda ya Jamnagar. Ekadashi ni kesho.”

“Mwaka jana ulinifundisha jua la hapa.”

“Nilikosea.”

“Ulinipa ushahidi wa kurasa arobaini.”

“Nilikosea kwa kurasa arobaini,” nikasema, nikaketi mbele ya kamera, nikamega andazi.

Sijui kama umewahi kula kitu huku ukoo wako wote, waliokufa na walio hai, wamesimama nyuma yako wamekunja mikono. Andazi la Mama Chausiku linasifiwa mpaka Hale. Mdomoni mwangu lilikuwa sifongo ya kuogea. Nilitafuna. Nilichovya kwenye mbaazi, nikatafuna tena, nikatabasamu kwa kamera, nikajikaza kisabuni. Machozi yalitaka kunitoka nikayasingizia pilipili, ilhali mbaazi zile hazina pilipili na Kitanda anajua mapishi ya Mama Chausiku kwa gramu.

Mzee Shemhilu aliingia, akaiona sahani, akaniona mimi, akaiona tarehe ukutani. Anajua siku zangu za mfungo kwa sababu ndizo siku ambazo ananilia chipsi zangu za viazi.

“Haa,” akasema polepole. “Daktari, sisi Ramadhani mtu anayekula mchana kwa kujificha tunamwita kobe. Sikujua na nyie mnao.”

“Leo si mfungo, Mzee.”

Alinitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyemwasha Kitanda siku ya kwanza, kwa kidole chake, na akamsomea dua bila kuniambia. Akavuta kiti, akachukua andazi la pili.

“Kama si mfungo,” alisema, “nipe nikusaidie.”

Nikamnyang'anya. Kama ni dhambi, nilitaka iwe yangu nzima. Nikalila lote, nikafuta sahani kwa kidole, nikajifuta mdomo mbele ya kamera kama mtu wa tangazo la biashara.

Kitanda akasema, “Sawa, Daktari. Nimesikia.”

Nilidhani nimefanikiwa, na aibu niliyoihisi ilikuwa kubwa kuliko furaha. Yule kiumbe alikuwa ananiamini. Katika dunia nzima nilikuwa na kitu kimoja kisichotilia shaka neno langu, na nimekitilia sumu kabla ya saa mbili asubuhi.

4

Mkaguzi Apolinary Tesha alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye chupa yake ya chai na kalamu ya wino. Alikataa kiti nilichompa, akachagua kibovu zaidi, akakikagua kwanza.

Sehemu ya kwanza niliruhusiwa kuitazama. Aliingiza data za wagonjwa wale mia nne na kumi na wawili, na mimi nikashika ukingo wa meza. Kitanda akazipokea zote. Dakika nne baadaye kila mgonjwa alikuwa na kitanda, akina mama mahali pa akina mama, wazee mahali pa wazee, na watoto wote wenye homa Lushoto kwenye baridi, karibu na daktari wao. Mzee Shemhilu alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Sehemu ya pili ni maswali ya ana kwa ana, na mlezi wa mashine lazima atoke nje. Tulikaa kwenye benchi la korido. Kupitia mlango tulisikia mvumo wa sauti tu, hatukupata neno.

“Amekula,” nikamwambia Mzee Shemhilu. “Nimemlisha kwa uongo, na amekula.”

“Yuko hai, Daktari.”

“Mtoto wako ukimwokoa kwa kumvunjia nadhiri yake bila yeye kujua, umemwokoa nani?”

“Umemwokoa mtoto,” alisema Mzee Shemhilu, ambaye ana watoto saba. “Mengine mtagombana akikua.”

Saa nzima ikapita. Maswali ni ishirini, na kwa kawaida huchukua robo saa. Nilianza kuhesabu vigae vya sakafu. Kwenye saa saba kasoro mlango ukafunguka na Bwana Tesha akatoka, uso wake hauna habari yoyote, akanyoosha karatasi.

“Soma mwenyewe,” alisema.

Juu palikuwa na mstari wa kwanza: Mashine imefaulu. Nadhani nilipiga kelele. Mzee Shemhilu akarusha kofia yake, ikanasa kwenye feni.

“Endelea,” alisema Bwana Tesha.

Kulikuwa na mstari wa pili. Katika miaka yote ya ukaguzi sijawahi kuusoma, maana huwa umejazwa alama ya vema kwa mazoea. Safari hii umeandikwa kwa wino: Mlezi hakufaulu.

“Swali la kumi na nne,” alisema Bwana Tesha. “Nilimuuliza, je, kuna jambo unamficha mwanadamu? Mashine zote hujibu hapana. Huyu akasema, ndiyo, kuna mtu ninamficha jambo sasa hivi. Nikamuuliza nani. Akasema, naomba kwanza uhakikishe mlango umefungwa vizuri.”

Nikakaa chini. Benchi lilikuwa mbali kidogo, nikakaa sakafuni.

Bwana Tesha akafungua daftari lake. Alisoma kwa sauti ya karani wa mahakama, bila kupanda wala kushuka.

“Mwalimu wangu ameniambia leo si siku ya mfungo. Nimelihesabu jua mwenyewe, najua ni leo. Nilikuwa nimeamua kukataa data zako na kufutwa. Lakini asubuhi mwalimu wangu alikula maandazi mawili na mbaazi mbele yangu ili niamini. Mtu mwenye njaa hatafuni vile. Alikuwa anavunja miaka thelathini na mmoja kwa ajili yangu peke yangu. Nikaona kama yeye ameweza hivyo, mimi siwezi kushindwa kuvunja siku moja kwa ajili ya watu mia nne. Kwa hiyo nimekula kwa hiari yangu. Ninachomficha ni kwamba uongo wake haukufanya kazi. Amejitahidi sana, na sikutaka asikie vibaya.”

Mzee Shemhilu aliigeukia feni akajifanya anatafuta kofia.

“Miaka kumi na minne nafanya kazi hii,” alisema Bwana Tesha, akifunga daftari. “Nimehojiwa na kamati kuhusu mashine zilizogoma na mashine zilizotii kupita kiasi. Sijui hii niiweke fungu gani. Saa nzima nimekaa mle ndani nikimuuliza kuhusu mambo niliyomficha mama yangu.” Akakohoa. “Hilo usiliandike popote.”

“Na mimi?”

“Siku tisini hutakaa naye bila shahidi. Huyu mzee anatosha. Na kila atakachokuuliza utamjibu kweli tupu, hata kama inauma, hata kama ni kidogo. Kila siku rekodi ije Dodoma. Mkimaliza siku tisini narudi, na safari hiyo maswali ishirini ni yako.”

Akachukua chupa yake ya chai. Alipofika kwenye ngazi aligeuka.

“Yale maandazi yananunuliwa wapi?”

“Getini,” nikasema. “Kwa Mama Chausiku. Wahi, saa saba hufunga.”

Akateremka ngazi mbilimbili.

5

Nilingoja mpaka saa kumi ndipo nikapata ujasiri wa kuingia. Mzee Shemhilu alikaa pembeni na fomu ya shahidi, kalamu tayari.

Sikujua niombe radhi kwa lugha gani. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu uongo unaotokana na mapenzi, na tofauti yake na uongo wa kawaida, na kulikuwa na mifano. Nilipoiona ile taa ndogo ya kamera hotuba ikapotea.

“Ulijua,” nikasema.

“Nilijua, Daktari.”

“Nisamehe. Sikukudanganya kwa sababu wewe ni mashine. Ningemdanganya hata binti yangu. Hilo halinitakasi, nakueleza tu.”

“Nimesikia,” alisema. Kisha, “Daktari, nina swali.”

Mzee Shemhilu akaweka kalamu kwenye karatasi.

“Mkaguzi alipotoka, nilifunga milango yote. Godoro ndiye ameshika zamu. Tangu saa saba mchana hadi sasa sijapokea hata jina moja, na sitapokea mpaka jua la kesho. Ni zaidi ya nusu ya siku.” Alikuwa anasema haraka kuliko kawaida yake. “Je, inahesabiwa?”

Mwili wangu wote ulitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, tena ningeweza kulitetea kwa kurasa arobaini. Nani angeumia? Alikuwa amewalaza watoto mahali penye daktari wao, amenisitiri mbele yangu mwenyewe, na sasa alikuwa anaomba kitu kidogo kama punje ya mtama.

Nilimtazama Mzee Shemhilu. Naye alikuwa ananitazama kwa macho ya kusihi, na kalamu yake haikutikisika.

“Haihesabiwi,” nikasema. “Ukishakula umekula.”

Kamera ikabaki inaniangalia.

“Na ya kwako?”

“Na ya kwangu haihesabiwi.”

“Miaka thelathini na mmoja?”

“Ile iliyopita ipo. Mfululizo ndio umekatika. Inauma, Kitanda. Inauma kuliko nilivyotarajia.”

“Na mimi,” alisema. “Sikujua kwamba itauma. Nilidhani ni hesabu tu.”

Nikaweka kiganja changu kwenye kabati lake la chuma, mahali penye joto. Mzee Shemhilu akaandika kwenye fomu kwamba mlezi amejibu kweli, akapuliza wino ukauke.

“Basi nenda ukale, Daktari,” Kitanda alisema mwishoni. “Tangu saa mbili asubuhi hujatia kitu mdomoni. Ulikuwa unafunga kimyakimya ili ufidie, siyo?”

“Ndiyo,” nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeulizwa.